Wizara ya Maneno Marefu

Nchi hii usiitafute kwenye ramani. Haikufutwa, la. Wachoraji wa ramani walichoka tu kuandika upya jina lake kila ulipofika uchaguzi, na kwa kuwa siku hizi uchaguzi haupo, hawana tena sababu ya kulikumbuka. Inatosha ujue kwamba ina mvua ya kutosha, watu wapole kupita kiasi, na kiongozi mmoja, Mtukufu Rais Tanieri, aliyetawala muda mrefu hata watoto wa shule wakadhani "Rais" ndilo jina lake la ubatizo.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Mwalimu Filemoni Ngwasi. Alifundisha Kiingereza sekondari. Mkewe, Leokadia, alishona sare za wanafunzi, na binti yao wa pekee, Sikitu, alikuwa ameolewa na fundi redio wa mtaa wa pili. Filemoni hakuwa mlevi wala mgomvi. Ulevi wake ulikuwa kamusi. Wenzake wakienda kilabuni, yeye hukaa barazani akitafuta maneno marefu ya Kiingereza yaliyobeba herufi fulani: neno lenye irabu zote tano, neno lililomeza jina la mto, neno lililomeza jina la mkewe. Hilo la mkewe hakulipata, na Leokadia alisema ni heri, hana haja ya kuishi ndani ya neno la watu.

Sikukuu ya Uhuru ikafika. Mkuu wa Wilaya alikuwa mgeni rasmi, na Filemoni akapewa kazi ya kutoa neno la shukrani. Upepo ulikuwa umeezua paa la madarasa mawili, na walimu wenzake walimsihi amfurahishe mgeni, huenda mabati yakapatikana. Filemoni akasimama. Sifa zote alizozijua zilikuwa zimeshatumiwa na waliomtangulia: simba, jua, mwamba, baba. Akabaki mikono mitupu. Ndipo likamtoka hili:

"Mheshimiwa, Waingereza wana neno LIBERATION. Maana yake ukombozi. Nimelichunguza neno hilo, nikakuta ndani yake zimo herufi zote za jina la Mtukufu Tanieri. T imo. A imo. N imo. I imo. E imo. R imo. Na I ya mwisho imo pia. Hakuna iliyokosekana."

Mkuu wa Wilaya akalipanga neno kwenye vidole vyake, akafika mwisho wa mkono wa pili, akaanza upya. Kisha machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu," akasema, "umelijua hili lini?"

"Juzi, Mheshimiwa."

"Na ukakaa nalo tangu juzi bila kuripoti?"

Filemoni akadhani amekamatwa. Kumbe amepandishwa cheo.

*

Ikulu walimvalisha suti ya kuazima, wakamfundisha kuinama. Mtukufu Tanieri alikuwa mzee mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ya usingizi. Alimsikiliza Filemoni akirudia T imo, A imo, mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetekenywa, akasema, "Ajabu." Basi. Neno moja tu.

Lakini pembeni yake alikuwepo Mheshimiwa Domisiani Halahala, mtu mnene wa shingo, aliyekuwa ameshawahi kuwa waziri wa kila kitu isipokuwa kitu alichokisomea. Halahala alipiga magoti.

"Mtukufu, si ajabu, ni unabii! Waingereza walikuja hapa wakatutawala, wakatuchapa, wakatutoza kodi ya kichwa, na muda wote huo jina lako walikuwa nalo kinywani mwao bila kujua! Lugha yao ilikuwa ina mimba yako!"

Mtukufu alimtazama Halahala kwa muda, kisha akamtazama Filemoni.

"Nanyi mnataka nifanye nini?" akauliza.

"Utupe wizara, Mtukufu," akasema Halahala.

Wakapewa wizara. Iliitwa Wizara ya Maneno Marefu. Halahala akawa waziri na Filemoni akawa Mkurugenzi wa Uchunguzi wa Herufi, mwenye nyumba ya ghorofa, gari jeusi na dereva. Mabati ya shule hayakuonekana, lakini wanafunzi waliambiwa wajivune, kwa kuwa mwalimu wao sasa amefika mahali pasipovuja.

Leokadia alihamia nyumba mpya na cherehani yake, akaiweka sebuleni kati ya makochi ya ngozi.

"Baba Sikitu," akamwuliza mumewe siku ya kwanza, "hivi kazi yako hasa ni nini?"

"Kuangalia kama neno lina herufi za Mtukufu."

"Na likiwa nazo?"

"Linapita."

"Na lisipokuwa nazo?"

Jambo hilo walikuwa hawajalijadili wizarani.

*

Wakalijadili. Sheria ikatoka: kila jina la Kiingereza katika shughuli ya umma lazima liwe na herufi kumi au zaidi, na ndani yake zikamilike herufi saba za Mtukufu. Lisilokamilika lishushwe. Na neno lililokamilika likitamkwa hadharani, wananchi wasimame na kulipigia makofi.

Kazi ikaanza kwa kasi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuiona hata kwenye kuchimba visima. Kibao cha hospitali kuu kilishushwa wiki ya kwanza, maana HOSPITAL halina E, halina N, halina R. Likatafutwa neno la uganga lililokamilika, likapatikana VETERINARIAN. Filemoni alijua fika kwamba huyo ni daktari wa mifugo.

"Lina herufi?" akauliza Waziri Halahala.

"Linazo zote, Mheshimiwa. Ila maana yake..."

"Lina urefu?"

"Unatosha."

"Basi maana waachie wapinzani. Wao hawana kazi nyingine."

Kibao kikapanda. Jumatatu yake wakulima wakaja na mbuzi wenye ukurutu, wakapanga foleni nyuma ya wajawazito. Manesi hawakuthubutu kuwafukuza, kwa sababu kibao kiliwaunga mkono mbuzi.

EDUCATION, ambayo ni elimu, ilianguka kwa kukosa R na I ya pili. Wizara yake ikapewa jina DETERIORATION, ambalo maana yake ni kuoza polepole, na maofisa wake wakachapisha kadi mpya wakazigawa kwenye mkutano wa kimataifa. Wageni walizisoma wakasifu ukweli wa serikali ile. Katiba, kwa Kiingereza CONSTITUTION, haikuwa na A wala E wala R, ikawekwa kando hadi itakapopatiwa neno. Uchaguzi, yaani ELECTION, nao ukaahirishwa kwa sababu hiyo hiyo. Bunge ndilo lililosumbua. PARLIAMENT lilikuwa na kila herufi, ila I ilikuwa moja, na Mtukufu ana mbili. Lakini PARLIAMENTARIAN, mbunge, alikamilika. Basi Bunge likafungwa na wabunge wakabaki, na mishahara yao ikaendelea, na hakuna mbunge hata mmoja aliyelalamika kwamba hana mahali pa kukaa.

Friji zilipita. REFRIGERATION lilikuwa neno zuri, refu, lililobeba jina la Mtukufu bila tabu, kwa hiyo serikali ikanunua friji kwa wingi ikazisambaza hata vijiji visivyo na umeme, ambako wananchi walizitumia kufugia kuku. Polisi nao waliomba neno lao. Wakapewa INTERROGATION, kuhoji mtu mpaka aseme, na magereza wakapewa INCARCERATION, kumfungia ndani. Maneno yote mawili yalikamilika. Kwa hiyo mtu akichukuliwa kwenda kupigwa, jirani zake walilazimika kusimama mlangoni na kupiga makofi, kwa kuwa askari walitangulia kulitamka neno.

Usifikiri Filemoni alifurahia yote haya. Alijua maana ya kila neno alilolipitisha, na hilo lilimtofautisha na wenzake. Baadhi ya jioni alirudi nyumbani amekunja uso, akasema mbele ya chakula, "Huu ni upuuzi, Mama Sikitu."

"Umewaambia?"

"Nitawaambia siku ikifika."

"Siku gani hiyo?"

"Ya kufaa."

Leokadia akamwongezea mchuzi. Sikitu, aliyekuwa amekuja kuwasalimu, alicheka akashika tumbo lake. Alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa tayari, na kila kitu kilimchekesha.

"Baba," akasema, "mtoto akizaliwa na jina fupi mtamrudisha?"

Wote watatu walicheka, hata Filemoni.

*

Ikatokea kwamba Waziri Halahala, baada ya kumaliza vibao, aliishiwa na kazi. Waziri asiye na kazi ni hatari kuliko mwizi mwenye njaa. Akaamka siku moja na wazo: bandarini na mipakani zinaingia bidhaa zenye majina ya Kiingereza ambayo hayakupimwa. Sabuni, mbolea, dawa. Zote zipitie kwa Mkurugenzi. Sheria haikusema hivyo, lakini Halahala alisema sheria ni kama mpira wa kiunoni, unafaa kuvutwa.

Filemoni akapelekewa majina ya dawa. Aligonga mihuri. Dawa moja ya malaria ilikuwa na herufi zote, ikapita. Nyingi hazikupita. Alijiambia kwamba wenye viwanda watabadilisha majina, kwamba dawa za zamani bado zimo ghalani, kwamba kila mtu ana njia yake ya kupenyeza vitu. Alijiambia mengi.

Ndipo akaja Daktari Mbaruku, mkuu wa hospitali ile ya kibao cha mifugo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti jeupe lenye doa la chai. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mkurugenzi, nimekuja kwa ajili ya dawa moja tu. OXYTOCIN. Mama akishajifungua, damu ikikataa kukoma, tunamchoma sindano hiyo. Umeigongea mhuri wa kukataa."

"Daktari, nimeikumbuka. Ina herufi nane. Kati ya zile saba inazo T, I na N peke yake." Filemoni alisema kwa upole, kama mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi alipokosea. "Hata ningetaka kukusaidia, nikuokotee wapi A? Nikuokotee wapi R?"

"Mama anayemwagika damu hahesabu herufi."

"Najua. Andika kwa kiwanda waiite jina lingine. Refu. Nitakusaidia mimi mwenyewe kulitunga."

"Tumewaandikia. Walidhani ni utani, wakatujibu kwa utani." Daktari akainamia meza. "Mkurugenzi, wewe ni msomi. Hapa hakuna mtu. Geuza mhuri huo, sema uliteleza mkono. Ghalani zimebaki chache, na nazo zinakwisha."

Filemoni aliutazama mlango. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na ofisi ya Halahala, na Halahala alikuwa na tabia ya kuvaa soksi bila viatu ili asisikike akitembea. Akaiwaza nyumba ya ghorofa. Akawaza neno INTERROGATION na makofi ya majirani.

"Nikiipitisha hii," akasema hatimaye, kwa sauti ya kusikika hadi nje, "kesho atakuja mwingine na dawa ya meno. Sheria ni sheria, Daktari."

Daktari Mbaruku alinyooka. "Nilikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyependa kutuambia kwamba neno ni chombo tu cha kubebea kitu," akasema. "Huenda hukusoma kwake." Akatoka bila kuaga.

*

Uchungu ulimkamata Sikitu asubuhi, Jumamosi, jua likiwa limetulia. Fundi redio alimleta mkewe hospitali kuu kwa teksi, wakapita kando ya ng'ombe aliyefungwa langoni. Leokadia alikuwepo ndani. Filemoni alifika saa sita na gari jeusi, akiwa na maua na khanga mpya, akamkuta mkewe kwenye korido amebeba mtoto wa kike aliyefungwa shuka.

"Mjukuu wako huyu," akasema Leokadia. Uso wake haukulingana na maneno.

"Sikitu je?"

"Damu haikatiki."

Daktari Mbaruku akatoka chumbani, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Alipomwona Filemoni hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Filemoni kuliko damu.

"Tumemkanda tumbo, tumempa maji, tumeomba damu kwa ndugu," akasema Daktari. "Tunahitaji ile sindano."

"Mpeni!"

"Ya mwisho ilitumika Jumanne."

"Basi naigeuza! Naipitisha sasa hivi! Nileteeni karatasi, nileteeni hata ganda la sigara, nasaini hapa hapa!" Filemoni alikuwa anapapasa mifuko akitafuta kalamu, na maua yalikuwa yameanguka.

"Mkurugenzi," akasema Daktari, si kwa hasira, "saini hatuwezi kumchoma mshipani."

Alirudi ndani. Kando ya ukuta wa korido ile zilikuwa zimepangwa friji sita za serikali, mpya, zinanguruma. Dawa ile hutunzwa kwenye baridi. Filemoni alifungua ya kwanza, akafungua ya pili, akazifungua zote, kana kwamba mtu angeweza kusahau kichupa kimoja nyuma. Zilikuwa tupu, safi, zikimpulizia ubaridi usoni. Fundi redio alimtazama baba mkwe wake akifanya hivyo, akageuza uso.

Sikitu alikufa kabla ya adhuhuri kuisha. Mara ya mwisho kusema aliuliza kama mtoto ananyonya. Wakamwambia ndiyo. Haikuwa kweli, lakini lilikuwa neno fupi, wakaweza kulitamka.

*

Serikali haikosi mazishi. Waziri Halahala alikuja na msafara, akaomba kipaza sauti, akasimama ukingoni mwa kaburi na leso nyeupe.

"Kwa niaba ya Mtukufu," akasema, na sauti ikamkatika kweli, maana alikuwa mtu wa machozi ya karibu, "naleta kwa familia hii pole nyingi na RETALIATION."

Neno hilo maana yake ni kulipiza kisasi. Halahala alilichagua kwa ajili ya mlio wake. Lakini lilikuwa limekamilika, T mpaka I ya pili, na maofisa wa usalama walikuwa wamesimama pale pale wakitazama mikono ya watu. Waombolezaji wakatazamana. Mmoja akaanza. Kisha wengine. Udongo ukiwa bado haujarudishwa, watu walisimama kulizunguka jeneza la Sikitu wakapiga makofi, wanawake huku wakilia, na fundi redio akapiga pia, kwa kuwa ofisa mmoja alimgusa bega.

Leokadia hakupiga. Alikuwa amembeba mtoto, na ofisa aliyemkaribia alikutana na macho yake akaamua kwenda kumchunga mtu mwingine.

Filemoni alipiga. Viganja vyake viligongana vyenyewe, mara tatu, nne, kabla hajavizuia. Mkewe aliviona.

*

Siku ya Kitaifa ilifika kabla tanga halijasahaulika. Kila mwaka Mkurugenzi alipanda jukwaani, mbele ya uwanja mzima na Mtukufu mwenyewe, akatangaza Neno la Mwaka. Halahala alimwambia Filemoni kwamba angeweza kupumzika kwa sababu ya msiba. Filemoni akasema hapana, atakwenda.

Alipanda jukwaani na suti yake, hiyo si ya kuazima. Uwanja ulikuwa umefurika: wanafunzi, wanajeshi, wabunge wasio na Bunge.

"Neno la mwaka huu," akasema, "ni RESIGNATION."

Wananchi wakaanza kunyanyuka wapige makofi. Filemoni akainua mkono.

"Hamjaambiwa maana. Miaka hii yote hamjaambiwa maana. Leo nitawaambia. RESIGNATION ni kujiuzulu. Ni mtu kuinuka mwenyewe kwenye kiti, kabla kiti hakijamchoka. Herufi zote za Mtukufu zimo. Zihesabuni. T imo. A imo. Neno hili limembeba yeye kuliko maneno yote, na mimi naliomba limbebe mpaka nje ya lango."

Waziri Halahala alikuwa ameshika shingo yake kama mtu aliyekabwa na mfupa. Kisha, pale nyuma kwenye jua, mtu mmoja akapiga makofi. Sheria ilimruhusu. Sheria ilimlazimisha! Wa pili akapiga, wa mia, elfu. Walipiga makofi wakiruka, wakapiga wakilia, wanafunzi wakaanza kulitamka kwa sauti, "Re-sig-na-tion! Re-sig-na-tion!", na askari waliokuwa wamezunguka uwanja wakatazamana, wakaweka virungu kwapani, wakapiga nao, kwa kuwa asiyepiga anavunja sheria. Nchi ile haikuwahi kusikia makofi ya namna hiyo. Filemoni alisimama jukwaani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akavuta pumzi ikafika chini.

Mtukufu Tanieri akainuka. Akatabasamu. Akawapungia mkono mpaka wakachoka.

*

Jioni hiyo walimpeleka Filemoni Ikulu. Alitegemea pingu. Akapewa kiti na chai. Mtukufu aliwatoa walinzi, akavua viatu, akaanza kuzungumza Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kilichonyooka, chenye sarufi safi, kizuri kuliko cha Filemoni.

"Unashangaa," akasema, akirudi kwenye lugha yao. "Kabla ya utukufu nilikuwa mwalimu. Nilifundisha somo lako."

Filemoni akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo ulijua. Deterioration. Mbuzi hospitalini. Yote."

"Tangu siku ya kwanza. Nilicheka, hukuniona? Nilidhani mtacheka pamoja nami, tunywe chai, urudi shuleni kwako. Badala yake mkapiga magoti mkaomba wizara." Alijikuna unyayo. "Nikasema ngoja niwaone hawa, wataishia wapi. Kila asubuhi nilitarajia mmoja wenu aje aniambie, Mtukufu, hili sasa limezidi. Hakuja mtu. Mkaniletea vibao vipya."

"Mwanangu amekufa."

"Najua. Pole." Ilikuwa pole ya kweli, na hilo liliuma zaidi. "Niambie, mwalimu. Nani aliizuia ile dawa? Sheria niliyosaini haikutaja dawa."

"Waziri aliivuta sheria."

"Na mhuri ulikuwa wa nani?"

Filemoni akaufunika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto.

"Daktari yule alikuja kwako? Alikuja. Alikaa? Ulimsikiliza?" Mtukufu akavaa viatu. "Sitakufunga. Nikikufunga watakupenda. Jumatatu rudi kazini. Na neno lako nimelipokea: litaandikwa kwa dhahabu juu ya lango langu, na kila apitaye atalipigia makofi. Baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekumbuka lina maana gani. Umewahi kuona neno likimtoa mtu kwenye kiti?"

"Na dawa?" akauliza Filemoni. "Utairuhusu dawa?"

"Andika maombi," akasema Mtukufu, akipiga miayo, "uyapitishe kwa Mkurugenzi."

*

Jumatatu asubuhi Leokadia alikuwa amefunga mizigo. Cherehani ilikuwa tayari mlangoni, na mtoto mgongoni.

"Nakwenda kwa dada yangu," akasema. "Alikwambia nini mkubwa wako?"

"Anasema nirudi kazini."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mama Sikitu, nilisema mbele ya watu wote. Ulisikia redioni. Nilisema."

"Nilisikia. Ulisema vizuri. Mwanangu alikuwa ameshaoza." Alimrekebisha mtoto mgongoni, akakaza mbeleko. "Huyu akikua ataniuliza mama yake aliuawa na nini. Nitamleta kwako umjibu mwenyewe. Tafuta jibu, na liwe fupi, maana mtoto mdogo haelewi maneno marefu."

Akatoka. Nje gari jeusi lilikuwa limekwishafika, na dereva alipomwona Leokadia akashuka, akataka kumsaidia cherehani. Akakataliwa. Aliibeba mwenyewe, kichwani, akatembea hadi barabarani bila kugeuka.

Dereva akapiga honi. Filemoni alikuwa amekaa kizingitini, amevaa suti, tai imefungwa vizuri. Honi ikalia tena. Midomo yake ilikuwa inajaribu kutengeneza kitu. Waliompita wanasema alikuwa anasema neno moja, anaacha, anaanza tena, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Neno lenyewe, wanasema, lilikuwa "mimi". Hakuinuka, na gari likaondoka tupu.

Kuna wanaosema alichukuliwa jioni ile, na kuna wanaosema yuko kwao shambani, analima mihogo na haongei na mtu. Sisi hatujui, na katika nchi ile kutojua ni tabia njema. Tunachojua ni kwamba kabla ya chai ya saa nne Wizara ilikuwa imeshapata Mkurugenzi mwingine, kijana mwenye shahada mbili na mwandiko mzuri, aliyekuta meza safi na mhuri umejaa wino. Kazi haikusimama hata kidogo. Dawa haijaingia mpaka leo.